Macho ya Bi Ummi Hayana Athari

Mgeni rasmi, Profesa Caroline Cherop. Waheshimiwa mlioketi mbele penye feni. Ndugu na jamaa mlioketi nyuma pasipo feni. Na wewe Bwana Paresh wa duka la dawa, uliyetuazima viti hivi na ambaye tangu asubuhi wavitazama kama mtu aliyeozesha binti:

UKARIBISHO

Assalamu aleikum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu waliotoka Kibarani alfajiri. Walio wadogo kwako, Profesa, wanakuamkia shikamoo. Walio wakubwa kwako wametulia, wanangoja yako, nawe usiwe na haraka, chai bado iko jikoni.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umetujia miaka nenda miaka rudi, na mashine zako, na vijikaratasi vyako, na tabasamu lako ambalo hatujaona likipungua hata siku ile gari lilipokwama kwenye mchanga. Mgeni amekuja kweli kweli. Mwenyeji angali anafikicha macho. Hatukulaumu hata kidogo. Tunakumbusha tu kuwa methali hiyo ina nusu mbili, na ya kwanza umeitimiza vizuri sana.

Leo umetoka Bofa ulikofikia, ukaja hadi hapa Malindi kutupa habari njema kwamba makala yako juu ya afya ya uso wa jicho ndiyo iliyonukuliwa kuliko zote katika jarida lile la wataalamu. Wallahi tumefurahi nawe. Pilau imepikwa, na waliopika wamelia kwa vitunguu, si kwa maradhi. Lakini kabla ya pilau tuna jambo, na hatutaki ulitafute ndani ya heshima zetu. Twakuwekea hapa mwanzoni ulione.

Mwenzetu mmoja, Bi Ummi, yule pale safu ya pili mwenye miwani nyeusi, ana mjukuu wa kiume ambaye mpaka leo hajamtia machoni. Mtoto yu hai, ana afya, na kulia anajua. Kilichowatenga ni neno moja lililotoka katika mradi wako. Risala hii yote ni njia ya kulifikia neno hilo, na kukuomba ulitengeneze. Basi tustahamilie.

TULIKOTOKA

Sisi ni wachunguzwa. Hatujui kama neno hilo limo kamusini, ila hakuna jingine linalotufaa. Mradi wako ulipofika uliuliza ni nani mwenye macho ya kuwasha, kuchoma, au kukereketa kana kwamba yameingia mchanga. Profesa, hapa petu, kwa chumvi hii na upepo huu na moshi wa makaa, ni nani asiye na mchanga jichoni? Tulijaa zahanatini mpaka muuguzi akakosa pa kuweka mkoba wake.

Bi Ummi alikuja kwa sababu ya kazi yake. Anashona kofia za viua, zile za vitobo vidogo vya kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, ambazo bwana harusi wa hapa hajioni amevaa mpaka awe nayo kichwani. Ni kazi ya kukodoa. Ukipepesa tu, sindano imeshapotea njia, na kitobo kilichoharibika hakifichiki. Bi Ummi ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake, akamlea mwanawe Zaid kwayo baada ya marehemu mumewe, Mzee Omar, kutangulia. Sasa macho yakaanza kumchoma, na machozi kumtoka juu ya kitambaa cheupe. Wateja wakawa wanauliza kama kofia zimefuliwa au zimeliliwa.

Ukamketisha, ukamwegemeza kidevu kwenye mashine yako, ukamtia dawa ile ya manjano iliyotufanya sote tutoke zahanatini na mashavu ya rangi ya biriani. Ukamchomeka kijikaratasi kwenye ukope wa chini, ukangoja. Kisha ukasema maneno yako kwa Kiingereza, naye Dena, mkalimani wetu, mtu mzima na ndevu zake, akamgeukia mama wa watu akamwambia mbele ya kaumu: "Mama, Profesa asema una macho makavu."

Lo! Mgeni rasmi, siku ile wewe hukuelewa kwa nini alisimama. Leo twakueleza. Kwetu sisi, mtu mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Ni yule anayekula shughuli ambayo hakualikwa, kisha akaomba ya kufungiwa aende nayo.

"Mimi?" Bi Ummi alisema, na buibui lake likasimama naye. "Mimi Ummi nina macho makavu? Mwambie huyo daktari wako, haya mimi nimefundishwa na mama yangu kabla yeye hajafundishwa kushika kalamu!"

"Si mambo ya haya, mama," Dena akasema, jasho lamtoka. "Ni machozi. Huna machozi ya kutosha."

"Sina machozi? Na haya yanayonitiririka mpaka kidevuni ni nini, mchuzi?"

Wewe ukaandika kitu katika faili lako. Tuliambiwa baadaye kuwa uliandika: mgonjwa ana wasiwasi. Hakuwa na wasiwasi, Profesa, alikuwa ametukanwa.

Lakini tukupe haki yako. Hukuondoka. Ulimfuata hadi barazani ukakaa naye juu ya mkeka, ukamweleza kwa Kiswahili chako cha Kericho, kilichopinda hapa na pale lakini kilichojaa nia, kwamba jicho likikauka juu hujitetea kwa kumwaga machozi mengi, na machozi hayo ni maji matupu, hayana mafuta ya kuyashikilia, hivyo yamwagika yote na jicho labaki kavu vilevile. Bi Ummi alikusikiliza. Akafikiri. Akaanza kucheka, mkono mdomoni.

"Kumbe jicho langu," alisema, "ni kama maskini anayefanya harusi kubwa."

Tangu siku hiyo mlikuwa marafiki. Alikuwa akikuwekea vitumbua, nawe ulikuwa ukimpa kidevu chake heshima ya kwanza kwenye mashine kila ulipokuja. Yote yaliyofuata hayakutokana na ubaya wa mtu, na ndiyo maana yametuuma zaidi.

MAFANIKIO, YENU NA YETU

Kwanza yenu, kwa adabu.

Tumeona utafiti ukikua mbele yetu. Zamani, mlipoanza, swali lilikuwa moshi: wapikia nini, wapikia wapi, dirisha liko upande gani. Tulijibu mpaka tukaota moshi. Halafu moshi ukapitwa, likaja swali la simu: waitazama kwa muda gani, walala nayo, wapepesa mara ngapi ukiitazama. Wazee wetu wasio na simu wakajiona wamefukuzwa kwenye ugonjwa wao wenyewe. Bi Ummi alimuuliza Dena, "Nikisema ni moshi bado nitasikizwa, au sasa ni lazima ninunue simu ndipo niwashwe?" Halafu simu nazo zikapoa, mkataka machozi yenyewe, mkayakinga kwenye vichupa vidogo yakapanda ndege. Machozi yetu yamefika nchi ambazo sisi wenyewe hatupewi viza. Kumbe utafiti nao una msimu wake kama leso: jina jipya kila mara, na la mwaka jana halivaliwi mjini.

Tukaelezwa pia habari ya kunukuliwa. Dena alituambia kuwa mtaalamu akiandika makala, na wataalamu wengine wakasema katika makala zao "kama alivyosema fulani," basi huko ndiko kunukuliwa, na anayenukuliwa sana hupanda cheo. Bi Ummi akasema yeye mtaa mzima humnukuu, hasa akishagombana na mtu, na hajapanda hata ngazi. Tulicheka siku ile. Zaid, mwanawe, akataka kuisoma hiyo makala yenye macho ya mamake. Akaifungua kwenye simu. Ikamwambia alipie kwanza. Akaizima. Alisema macho ya mamake nyumbani huyaona bure, japo huko nako hukemewa.

Sasa yetu. Hatuna kiburi cha kusema hatukufaidi. Tulijifunza kuweka kitambaa cha maji ya moto juu ya kope, na kupepesa kwa makusudi tukiwa kazini. Wengi tumehamisha majiko. Dawa ya matone mliyotupa wakati wa utafiti ilikuwa rehema. Bi Ummi alirudi kushona kofia kavu, na mistari yake ikanyooka kama zamani. Alikuwa akisema, "Mungu amlipe yule mtoto wa Kericho." Haya tunayasema kwa moyo mweupe, na aliyebisha tutamtoa nje.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni fupi. Utafiti ulipokwisha, matone nayo yakaisha. Macho hayakupata habari kuwa utafiti umekwisha, yakaendelea kuwasha.

Ya pili ndiyo iliyotuleta.

Makala yako iliposhika nafasi ya juu, ofisi ya mradi ilifurahi, ikatengeneza bango. Likatundikwa lango la zahanati, mkabala na pale tuktuk zinapopanga foleni. Kwenye bango kulikuwa na picha ya jicho, moja tu, kubwa kuliko mlango, jekundu, na mishipa yake yote, na kile kipaku cheusi chini ya ukope ambacho Malindi nzima yakijua tangu Bi Ummi yu msichana. Chini yake maandishi: JICHO HILI LA MALINDI LIMELETA ATHARI KUBWA DUNIANI.

Ruhusa ya picha alikupa, hilo hatukatai. Ila alidhani ni picha ya kitabuni, na kitabu hufunguliwa na kufungwa. Bango halifungwi.

Lakini picha si hoja. Hoja ni hilo neno. Tumekuja kujua baadaye kuwa huko kwenu kuna kipimo cha makala na majarida, cha kujua yamesikika kiasi gani na yamewafaa wangapi, na Dena alipotakiwa akipe jina la Kiswahili, alifungua kamusi. Kamusi haikumdanganya. Tatizo ni kwamba kamusi haikai Malindi. Hapa petu mvua ikibomoa nyumba ndiyo imeleta athari. Dawa ikikuvimbisha uso, hiyo ina athari. Mtu akianguka kwenye pikipiki akapona lakini mguu ukabaki mfupi, twasema amepata athari. Faida haina athari, ina baraka.

Na si athari ya tumbo wala ya mguu, ni ya jicho! Jicho peke yake kwetu ni neno zito. Mtoto akinawiri, watu husema mashallah haraka kabla jicho halijampata. Sasa fikiri, Profesa: jicho lenyewe limechorwa kubwa, latambulika ni la nani, limetundikwa na wasomi, na chini pameandikwa kwamba limeleta athari kubwa, tena dunia nzima!

"Hata wazungu wamethibitisha," walisema sokoni.

Basi ikawa kisa. Madereva wa tuktuk wakipita langoni walitazama upande wa pili, na mmoja alitazama upande wa pili mpaka akaingia kwenye mtaro, ikasemwa: si mwaona? Mwenye kuuza maziwa yalimchachia juani, akasema jana Ummi alimpita akamsalimu. Familia ya bwana harusi mmoja ilituma mtu akachukue kofia yao kabla haijaisha, nusu ina vitobo nusu haina, na kijana wa watu akaoa kwa kofia ya dukani iliyomfika masikioni. Bi Ummi akitoka, akina mama wanaita watoto ndani. Kwa upole, Profesa. Watu wa hapa hawatukani. Wanakumbuka tu ghafla kwamba mtoto hajaoga.

Bango tuliliteremsha wenyewe, na kama ni kosa, tupo. Mwenzetu Mwambire aliliomba akafunikia banda la kuku. Kuku wamelala chini ya jicho hilo tangu siku hiyo nao wataga vizuri tu. Tukawatangazia watu habari za mayai hayo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Katikati ya haya, mkewe Zaid, Ruqaiya, akajifungua. Alikuwa kwao Mambrui, kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza, kwa mamake Bi Mahfudha. Mtoto wa kiume. Wakampa jina la babu yake, Omar. Bi Ummi alipopigiwa simu alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka jirani akafikiri paka ameungua. Akatafuta uzi mzuri kuliko wote alionao akaanza kofia ndogo. Akafunganya pakacha lake na uji wa kumpelekea mzazi, wakaenda Mambrui yeye na Zaid.

Bi Mahfudha ni mwanachama wetu, tena ni mtu wa dini na wa watu. Alimwambia Zaid mlangoni, sauti ya chini: "Mwanangu, mimi sina ubaya na Ummi. Lakini mtoto ni mchanga, na wasomi wamesema. Tungoje arobaini ipite." Zaid akakasirika, akataka kuingia na mamake kwa nguvu. Bi Ummi alimshika mkono, akamwambia asimpandishie sauti mama mkwe. Akaacha uji akarudi.

Arobaini ikapita. Ruqaiya akawa analia kila Zaid akipiga simu. Bi Mahfudha naye usingizi ukamwisha, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukimwambia anamdhulumu mwenzake. Asubuhi moja akamvalisha mtoto, akamchukua Ruqaiya, wakaja Malindi wenyewe hadi mlangoni pa Bi Ummi. Akabisha hodi, akasema kwa sauti ili majirani wasikie: "Ummi! Fungua! Nimekuletea mume!"

Sisi tuliokuwa barazani tuliinuka kwa furaha. Tukasema yamekwisha.

Bi Ummi alifungua. Alipoona kitu cheupe kimefungwa mikononi mwa Bi Mahfudha, alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, Profesa, kama mtu aliyetiwa pilipili, akageukia ukutani na kujifunika mtandio uso mzima.

"Mrudishe, Mahfudha."

"Ummi, mimi nimekuja kuomba radhi. Mtazame mjukuu wako."

"Nimeshakuwia radhi. Mrudishe. Usimkaribishe."

"Kwani wewe mwenyewe waamini hayo?"

Akaukaza mtandio usoni. Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, ukapapasa hewani mpaka Bi Mahfudha akausogeza kwenye miguu ya mtoto. Akaushika unyayo. Akakizungusha kidole chake kwenye vidole vile vidogo, kimoja baada ya kimoja, kwa wepesi ule anaoshikia kitobo cha kofia.

"Ana mguu wa Omar," alisema. Halafu akauachia. "Mchukue, dada yangu. Nisije nikampenda kwa macho."

Hapo ndipo tulipojua kuwa tulikuwa tukigombana na majirani bure. Majirani walikuwa wameshasahau, maana mji huu haukai na habari moja. Aliyeliamini neno lile mpaka ndani ni yeye. Kutwa na kucha alikuwa akijihesabia: yule aliyeingia mtaroni, nilimtazama? Yale maziwa, niliyatazama? Alipomfikia mtoto, aliona afadhali amkose kuliko amdhuru. Akanunua hiyo miwani nyeusi kwa Bwana Paresh, anaivaa hata ndani, hata usiku wa taa. Hashoni tena. Kofia ndogo imebaki na sindano yake.

Tumejaribu. Maalim alimsomea, akamwambia kuwa jicho hutoka kwenye husuda, naye hana husuda hata ya sufuria ya mtu. Bi Ummi alisema, "Maalim ni mtu mwema, lakini hajatazama ndani ya jicho langu. Profesa ametazama." Dena alimwendea akapiga magoti, akaapa kuwa neno ni lake yeye, amelikosea. Alimsamehe papo hapo, akampa chai. Ila alipotoka akatuambia, "Huyu ndiye aliyesema sina haya. Leo ndiyo nimwamini?" Sisi tulimwambia kuwa maandishi ya makala hayana ubaya wowote. Akatuuliza kama tumeyasoma. Tukakiri hatujayasoma. Yako kwa Kiingereza, na mlangoni pake pana kulipia.

Mgeni rasmi, sisi twacheka sana, wajua hivyo, na hata hapa tumekuchekesha. Lakini kwa hili tumelia, tena machozi yenye mafuta.

MAOMBI

Tunaomba dawa ya matone iwepo zahanatini hata pasipo utafiti.

Tunaomba makala zinazotuhusu ziandikwe pia kwa Kiswahili, kurasa chache tu, tupewe bure, tujue mmetusema nini. Tukinukuliwa, nasi tujinukuu.

Tunaomba neno lolote litakalotundikwa hadharani lipite kwanza kwa mabibi wa hapa. Wapo, hawana kazi mchana, na watakusahihishia kwa bei ya kahawa. Dena mwenyewe ameliunga mkono ombi hili, na amekubali kuwa mwanafunzi wao.

Ombi la mwisho ndilo ombi. Haya mengine ni sinia la kulibebea.

Hatuombi utoe tangazo. Hatuombi bango la kulifuta bango, la hasha. Usimwambie kwa kipaza sauti wala mbele ya kamera, maana yeye si kosa la uchapaji. Tunaomba ushuke hapo jukwaani ukakae naye, kama ulivyokaa barazani siku ile, umwambie kwa mdomo wako kile ulichokiona ulipotazama ndani ya jicho lake kwa ile mashine. Hatukutungii maneno, sisi na maneno tumeshaogopana. Na Dena amekatazwa kukaribia. Sema kwa Kiswahili chako hichohicho, kikipinda kipinde, yeye anakijua. Mwambie uliona nini na hukuona nini. Kati ya watu wote duniani, wewe peke yako umeingia mle ukatoka, na yeye atakusadiki.

Tukubali pia kwamba Bi Ummi hajui yaliyomo katika risala hii. Tulimwambia ni ya kuomba feni za nyuma. Kwa hivyo saa hii huenda amekasirika, na sisi tunamwogopa, kwa hiyo hatutamtazama. Tutatazama sakafu kwa pamoja, wanachama wote, mpaka utakapofika kwake.

Utakapofika utaona amejigeuza upande wa ukuta. Usidhani amekununia. Upande wake wa pili ameketi Bi Mahfudha, amekuja kutoka Mambrui, na kilicho mapajani mwake kimefunikwa leso na ndiyo kwanza kinaamka. Umwambie kwanza, Profesa. Halafu mvue ile miwani wewe mwenyewe, wewe ni daktari wa macho, hakuna atakayeona ajabu. Sisi tutashika pumzi.

Mwenyezi Mungu akuzidishie elimu yenye manufaa na umri wenye afya. Ayalinde macho ya wote walio humu, yanayowasha na yasiyowasha. Aibariki safari yako ya leo, ile ya kutoka hapo ulipoketi hadi safu ya pili. Ni fupi kuliko zote ulizofanya kwa ajili ya kazi hii, na mtoto ameanza kulia.

Ni sisi,
Umoja wa Wachunguzwa Macho, Malindi na Kilifi.

Imesomwa na Harith, katibu, kwa niaba ya wanachama wote, Bi Mahfudha akiwa wa kwanza kutia sahihi.